Fahamu Tatizo la Haiba Isiyo Thabiti Kihisia

Tatizo la haiba isiyo thabiti kihisia ni hali ya afya ya akili inayomfanya mtu kubadilika hisia ghafla, kuogopa mno kuachwa na watu wake wa karibu, kufanya maamuzi ya pupa na wakati mwingine kujidhuru. Si utovu wa adabu wala matokeo ya kurogwa.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, uliofuatilia wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa hospitalini, ulionesha kuwa ndani ya miaka 10 asilimia 93 walipata nafuu iliyodumu angalau miaka miwili. Nusu walirejea pia katika kazi na mahusiano mema. Mwaka 2018, utafiti wa Uingereza kwa washiriki 276 ulibaini kuwa dawa ya lamotrijini haikuwasaidia kuliko vidonge visivyo na dawa. Hivyo, tiba ya msingi ni mazungumzo na mtaalamu, yanayomfunza mgonjwa kutuliza hisia zake.

Mkazi wa Rusimbi, Manispaa ya Kigoma Ujiji, anayeona dalili hizo kwa ndugu yake anashauriwa kumfikisha katika kituo cha afya kilicho karibu, ambako anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Anayetishia kujidhuru asiachwe peke yake.