Ukuta wa Amani, Cupar Way, Belfast

Ukuta ulio mbele yako ulianza kama seng'enge. Septemba 1969 wanajeshi wa Uingereza waliweka kizuizi hapa, wiki chache baada ya nyumba za Wakatoliki za Bombay Street kuchomwa moto. Ilisemwa kuwa ni cha muda tu. Baadaye yakaja mabati, kisha zege, na juu yake wavu wa kuzuia mawe na chupa za petroli.

Upande mmoja ni Falls, kwa Wakatoliki wanaotaka Ireland iwe nchi moja. Wa pili ni Shankill, kwa Waprotestanti wanaotaka kubaki chini ya Uingereza. Chanzo cha mgawanyiko huu ni cha mbali: tangu 1609 walowezi kutoka Scotland na England waligawiwa ardhi ya wenyeji wa Ulster. Mwaka 1921 Ireland ikagawanywa. Machafuko yaliyozaa ukuta huu yaliua zaidi ya watu 3,500 kabla ya mapatano ya amani ya Ijumaa Kuu, Aprili 1998.

Serikali ya Ireland Kaskazini iliahidi kuondoa kuta zote za aina hii ifikapo 2023. Huu haukuondolewa: wengi wanaolala kando yake bado wanauhitaji, na hofu yao ni ya haki.