Nyambizi Isiyosikia

Mwaka 1994, katika kibanda changu cha kazi nyuma ya nyumba, mjini Tanga, mimi na mwanangu tuliunda nyambizi. Mwili wake ulikuwa bomba la plastiki la inchi 4, rafadha iligeuzwa na mota ya kaseti mbovu, na chini tulifunga chubwi za wavuvi ili isipinduke. Bomba kubwa la sindano lilivuta maji ikazama, likayatema ikaibuka. Mitambo ya redio, ya megahezi 27, shemeji yangu aliileta kutoka Muscat ndani ya gari la kuchezea. Katika birika la maji ya mvua nyambizi ilitii kila amri. Nikajiona fundi kwelikweli.

Jumapili moja tukaipeleka baharini. Tuliongeza chubwi mbili, maana maji ya chumvi hubeba zaidi. Ilipokuwa juu ilikwenda kushoto na kulia, watoto wa pwani wakishangilia. Nikaizamisha. Haikurudi.

"Baba, mbona haisikii?"

Nikamjibu kwamba betri zimekwisha, ilhali zilichajiwa usiku kucha. Ndugu msomaji, sikuijua sababu, na mbele ya mtoto wa miaka 12 ni vigumu kutamka "sijui". Tulikaa ufukweni mpaka maji yakapwa.

Sababu niliikuta miaka mingi baadaye, katika kusoma historia ya redio. Nikola Tesla alipoonyesha mashua yake ya kuongozwa bila waya, New York, mwaka 1898, mashua ile ilielea juu ya maji. Hataza yake ilitolewa tarehe 8 Novemba mwaka huohuo. Kuelea huko ndiko kulikomwokoa. Maji ya bahari hupitisha umeme, na kwa hiyo huyameza mawimbi ya redio. Yale ya megahezi 27 hufifia kabisa kabla hayajafika kina cha pima moja. Maji ya mvua hayana ukali huo. Birika langu lilinidanganya!

Wanamaji wa Ujerumani waliijua taabu hiyo vizuri. Mwaka 1943 walianza kutumia mtambo ulioitwa Goliath, karibu na mji wa Kalbe, wenye nguvu ya kilowati 1,000 na masafa ya chini mno, kati ya kilohezi 15 na 60. Mawimbi ya aina hiyo hupenya mita kadhaa za maji ya chumvi. Milingoti ilizidi urefu wa mita 150, na yote hayo ili nyambizi isikie tu. Kwa njia hiyo haikuweza kujibu. Vita vilipokwisha Warusi waliung'oa mtambo mzima wakaupeleka kwao. Nami nilikuwa na antena ya gari la kuchezea.

Nilimpigia simu mwanangu, sasa mtu mzima mwenye watoto, nikamweleza habari ya chumvi na habari ya betri.

"Nilijua, baba," akasema. "Asubuhi ile nilizipima kwa mita yako. Zilikuwa zimejaa."