Mfanyakazi na Jamaa Yake: Tangu Siku za Kipande Hata Siku za Viza



Katika taarifa za miaka iliyopita ukurasa huu ulitumika kueleza habari za visima, za malipo ya shule na za mazishi. Mwaka huu Kamati imeona vema tuandike juu ya jambo ambalo limeleta watu wengi mbele ya meza ya karani kuliko jambo lingine lolote, nalo ni hili: mtu aliyekwenda nchi ya mbali kufanya kazi atawezaje kumleta mwenziwe na watoto wake wakae naye? Vijana hudhani ya kuwa taabu hii ilizaliwa pamoja na ndege. Wazee wanajua sivyo. Ilikuwapo hapa hapa, kati ya Nairobi na Magadi, kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na aliyeombwa ruhusa hakuwa balozi, alikuwa mwajiri na bwana wa boma.

Katika mwaka 1915 serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, na baada ya Vita Kuu ya kwanza ikaanza kutumiwa kwa nguvu. Kila mwanamume aliyetimiza miaka 16 alipewa kipande, akakivaa shingoni katika kikebe cha bati. Ndani yake mliandikwa alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, na siku aliyoachishwa kazi. Mengi yamesemwa juu ya aibu ya kubeba kikebe kile kama kengele ya mbuzi, na Harry Thuku na wenzake walipiga kelele juu yake tangu mwaka 1921. Lakini kuna neno moja ambalo halitajwi mara nyingi. Kipande kilikuwa cha wanaume tu. Mke hakuandikwa, wala watoto hawakuandikwa. Mbele ya sheria ya kazi mwanamume yule alikuwa mtu mmoja, asiye na nyumba nyuma yake.

Na kama alivyoandikwa, ndivyo alivyolipwa. Mshahara ulipimwa kwa chakula cha mtu mmoja, blanketi moja, na nafasi ya kitanda kimoja. Waajiri walikuwa na hoja yao: mke yuko rizavu, ana shamba, analima mahindi na maharagwe, basi kwa nini alipwe yeye na mumewe? Ukiitazama hoja hiyo vizuri utaona ya kuwa mwanamke wa kijijini ndiye aliyekuwa akiwasaidia matajiri wa Nairobi, kwa maana alilisha watoto ambao mshahara haukuwahesabu, akamwuguza mume aliporudi mgonjwa, akamtunza alipozeeka. Hakulipwa hata senti moja kwa kazi hiyo.

Makao yalikuwa ya namna ile ile. Katika landi za reli huko Muthurwa, na katika vyumba vya Pumwani, mahali palipofanywa mtaa wa Waafrika mapema katika miaka ya 1920, watu walipanga nafasi za vitanda. Mke aliyekuja kumtazama mumewe baada ya mavuno alilala nyuma ya pazia la shuka, na wenzake mumewe wakatoka nje kwa heshima. Nyumba zilizokusudiwa mtu na mkewe na watoto, kama zile za Kaloleni, hazikuanza kuonekana mpaka miaka ya 1940, nazo zilikuwa chache mno.

Huku kwetu Kajiado mambo yalikuwa na sura nyingine. Wamasai walikuwa wamekwisha kuhamishwa mara mbili, kwa mapatano ya mwaka 1904 na ya mwaka 1911, na safari ya mwisho ya kutoka Laikipia ikamalizika mwaka 1913. (Ni ajabu kidogo: serikali ilipotaka ardhi iliweza kuhamisha jamaa nzima nzima, wake, watoto na ng'ombe, bila kuuliza cheti cha mtu. Ilipotaka mikono ya kazi tu, ndipo ilipoona shida kubeba mke mmoja.) Mwaka 1915 reli iliyochepuka Konza na kupita Kajiado ilifika ziwa la Magadi, na kampuni ya magadi iliyoundwa mwaka 1911 ikaanza kujenga mji wake katika joto lile. Wafanyakazi walitoka Ukambani, Nyanza na kwingineko. Nyumba ilikuwa ya kampuni, maji ya kampuni, gari la moshi la kampuni. Aliyepewa nyumba ya kutosha jamaa alijihesabu mwenye bahati, lakini kazi ikiisha nyumba nayo imekwisha, na watoto hutolewa shuleni katikati ya mwaka.

Mgomo wa Mombasa wa mwaka 1939 na ule wa mwaka 1947 uliwaamsha wakubwa. Mwaka 1954 Halmashauri iliyosimamiwa na Bwana Carpenter, mkuu wa idara ya kazi, ilitoa taarifa juu ya mishahara ya Waafrika. Walikiri kwa maandishi ya kuwa karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kazi za watu binafsi walilipwa mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya afya na adabu. Wakashauri ya kuwa, kwa muda wa miaka kumi, mshahara wa chini upandishwe kutoka kipimo cha mtu mseja hata kipimo cha mtu mwenye mke na watoto, nao wakakadiria kipimo hicho kuwa mara mbili na nusu ya kile cha mseja.  Hapo kalamu ya serikali ilikubali ya kuwa mfanyakazi Mwafrika ana watu nyumbani.

Lakini mwaka ule ule, tarehe 24 Aprili, askari waliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa, na waliobaki wakatakiwa kubeba pasibuku. Baba alipelekwa kizuizini, mama na watoto wakarudishwa rizavu. Hivyo mkono mmoja wa serikali uliandika juu ya kuunganisha jamaa, na mkono wa pili ukazitawanya. Amri za hali ya hatari hazikuondolewa mpaka Januari 1960.

Baada ya Uhuru hakuna aliyehitaji ruhusa ya kumleta mkewe mjini. Ilibaki shida ya mahali pa kukaa, nayo ndiyo iliyoujenga mji wetu wa Kitengela. Kiwanda cha nyama cha Athi River kilitangulia, saruji ikafuata katika miaka ya 1950, na mwaka 1990 serikali ilipotunga sheria ya maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, wafanyakazi wakaongezeka. Ranchi za ushirika zilizoundwa chini ya sheria ya mwaka 1968 zilianza kugawanywa katika miaka ya 1980, Wakaputiei wakapata hati kila mtu yake, na wengi wakauza vipande. Mtu aliyezaliwa katika chumba kimoja cha Nairobi alinunua kiwanja hapa ili watoto wake walale mbali na jiko. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kitengela ilikuwa na watu zaidi ya 150,000. Sitaeleza hapa hasara waliyopata wafugaji na wanyama wa mbuga. Jambo hilo lataka makala yake.

Sasa tugeukie ng'ambo. Katika mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyotafutwa na Tom Mboya na rafiki zake ilichukua vijana 81 kwenda Marekani. Mwaka huo huo Barack Obama, baba yake rais wa baadaye, naye akaenda Hawaii kwa njia nyingine, akamwacha mkewe Kezia na mtoto mmoja, hali ana mimba ya wa pili. Si yeye peke yake. Msaada wa masomo ulikuwa wa mtu mmoja, sawasawa na nafasi ya kitanda ya Muthurwa.

Uingereza ilikuwa na milango mipana kwa watu wa dola yake mpaka sheria ya mwaka 1962. Hata sheria hiyo ilimruhusu mke, na mtoto aliye chini ya miaka 16, kumfuata mtu aliyekwisha kukaa huko. Kisha likaja jambo la Wahindi wa Kenya. Wengi wao walikuwa na pasipoti za Kiingereza, na sheria zetu za mwaka 1967 juu ya uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana wasio raia. Walipoanza kuondoka kwa wingi, Bunge la London likapitisha sheria upesi upesi, na tarehe 1 Machi 1968 ikawa sheria kamili. Tangu hapo wangepewa nafasi 1,500 kwa mwaka, na nafasi hizo zilikuwa za wakuu wa nyumba. Mkuu wa nyumba alidhaniwa kuwa mwanamume. Wako wanaume watatu kutoka Afrika Mashariki ambao wake zao walikuwa wamekwisha kukaa Uingereza, nao wakakataliwa wasiwafuate, ingawa kama mume ndiye angetangulia mke angeingia. Kesi yao, pamoja na za wenzao, ilifika mbele ya Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 1973 Tume ikasema ya kuwa Uingereza imekosa.

Natoa habari hiyo kwa urefu kwa sababu leo wanaotangulia ni wanawake. Muuguzi wa Kitengela, mtunza wazee wa Kajiado, binti aliyekwenda Saudia kutumika nyumbani mwa watu: hao ndio wenye kandarasi, na mume ndiye anayeandikwa kuwa mtegemezi. Wako wanaume ambao neno hilo huwachoma, wakakataa kutia sahihi. Mimi naona afadhali lichome kidogo kuliko watoto kukosa mama. Kwa aliye Saudia lakini hakuna fomu ya kujaza. Mtumishi wa nyumbani hulala kwa mwajiri wake, na hana pa kumpokea mtoto hata kama angeruhusiwa.

Kwa waliokwenda Uingereza mlango umepunguzwa kidogo kidogo. Tarehe 1 Januari 2024 wanafunzi walikatazwa kuleta mume, mke au watoto, isipokuwa wachache, kama wale wa masomo ya juu ya utafiti. Tarehe 11 Machi mwaka huo wakafuata watunza wazee na wagonjwa. Tarehe 11 Aprili, mtu aliyekaa huko na kutaka kumleta mwenziwe akaambiwa aonyeshe mapato ya pauni 29,000 kwa mwaka, ambapo tangu mwaka 2012 kipimo kilikuwa pauni 18,600. Na tarehe 22 Julai 2025 kazi ile ya utunzaji ikafungwa kabisa kwa waajiriwa wapya kutoka nje. Kwa hiyo jirani wawili wa mtaa mmoja, waliofanya kazi ile ile, waweza kuwa mmoja ana watoto wake na mwingine hana, kwa kuwa mmoja aliomba Februari na mwingine Aprili. Mzee mmoja aliponisikia nikieleza hayo alicheka, akasema hiyo ni hesabu ya mseja imerudi: zamani walikulipa kidogo ili mke asije, na sasa hulipwi vya kutosha, basi mke asije. Sikupata jibu la kumpa.

Marekani yafuata njia nyingine. Mpaka mwaka 2025 aliyeshinda bahati nasibu ya viza aliweza kwenda na mwenziwe na watoto wasiooa au kuolewa walio chini ya miaka 21, mradi awe amewaandika wote tangu mwanzo. Aliyemficha mke ili aonekane mseja alijifungia mlango mwenyewe. Mwenye makazi ya kudumu aliyeoa baadaye hungoja zamu, na zamu hiyo huweza kuchukua miaka.

Kinachowaangusha watu wetu mara nyingi ni ndoa yenyewe. Mzee wa Kajiado hujua ya kuwa binti ameolewa kwa sababu aliwaona ng'ombe wakifika na asali ikinywewa. Ofisa wa viza hataki ng'ombe, ataka cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 iliagiza ndoa zote ziandikishwe, na tangu mwaka 2017 ndoa za kimila nazo zapata cheti cha serikali. Walioacha jambo hili mpaka siku ya kuomba viza huwa na cheti cha juzi kwa ndoa ya miaka 15, na ofisa hukitilia shaka. Vivyo hivyo cheti cha kuzaliwa chenye jina la nyanya mahali pa jina la mama, kilichoandikwa hivyo ili mtoto apate shule karibu. Mwenye wake wawili na ajue ya kuwa Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, ilifunga mlango wa mke wa pili, ingawa sheria yetu yamtambua. Naye anayekwenda huko kwa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu kwanza, na cheti cha hospitali ya kawaida hakikubaliwi. Huenda kwenye zahanati ya shirika la IOM mjini Nairobi.

Limebaki jambo la wazee wenyewe, ambalo wengi huona haya kuliuliza. Mtoto aliyelelewa na nyanya yake Isinya tangu akiwa na miaka miwili akiitwa na mamaye aliye Leeds, nyanya hufuata kwa njia gani? Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 2012 mzazi mtu mzima haingii kukaa ila akiwa hawezi tena kujitunza kwa kazi za kila siku, na ithibitishwe ya kuwa utunzaji huo haupatikani nchini kwake hata kwa fedha. Nyanya mwenye nguvu za kulea mtoto basi ana nguvu mno kwa sheria hiyo. Aweza kuomba kwenda kuwatazama kwa muda usiozidi miezi sita kisha arudi. Kamati imeagiza ya kuwa mwanachama akija kuandikiwa barua ya kumpeleka mtoto, nyanya au babu aliyemlea aje pamoja naye, asikie maneno hayo kwa masikio yake kabla karatasi haijatiwa sahihi.