Ali Muhsin Al-Barwani: kutoka Unguja hadi Muscat

Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Hizbu (ZNP) cha Zanzibar, alifariki dunia mjini Muscat, Oman, mwezi Machi 2006, akiwa na umri wa miaka 87.

Alizaliwa Unguja mwaka 1919, akasomea kilimo Makerere, Uganda. Hata hivyo, kilichompa jina ni kalamu: katika gazeti la Mwongozi, alilolihariri, aliushambulia utawala wa Waingereza bila ya kificho. Kwenye masanduku ya kura hakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1957 alishindwa huko Ng'ambo na Abeid Amani Karume.

Zanzibar ilipopata uhuru Disemba 10, 1963, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Wadhifa huo ulidumu mwezi mmoja tu, hadi mapinduzi ya Januari 12, 1964. Karume akawa Rais. Ali Muhsin akawekwa kizuizini Tanzania Bara kwa takriban miaka kumi, bila ya kufikishwa mahakamani. Alipoachiliwa mwaka 1974 alikimbilia ughaibuni.

Wafuasi wake humwita mpigania uhuru. Wapinzani wake humwona mtetezi wa utawala wa Kisultani, na mabishano hayo hayajesha. Alipokuwa uhamishoni aliandika kumbukumbu zake kwa Kiingereza. Tafsiri yake ya Qur'ani Tukufu, iliyochapishwa mwaka 1995, aliiandika kwa Kiswahili.