Kabla ya Google Kulikuwa na Ukuta

Ukipita Eastern Bypass kuelekea Ruiru, Kamakis inakusalimia kwa maandishi kabla moshi haujakufikia. NYAMA CHOMA. MBUZI. MUTURA. SUPU. Herufi kubwa, ukuta mzima. Dereva ana sekunde chache za kusoma, kwa hiyo mchoraji hana nafasi ya maneno ya mapambo. Anachagua neno ambalo mtu mwenye njaa tayari analo kichwani. Watu wa tovuti huiita kazi hiyo kutafuta maneno muhimu, na historia yake inapita Thika Road kuliko wengi wetu tunavyojua.

Mwaka 1990, Alan Emtage, kijana kutoka Barbados aliyekuwa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, alitengeneza Archie, programu ambayo wengi huihesabu kuwa mtambo wa kwanza wa kutafuta kwenye intaneti. Archie ilijua majina ya faili tu, haikusoma yaliyomo. WebCrawler ilipokuja 1994 ikaanza kusoma kurasa nzima, na AltaVista ikafuata 1995 kwa kasi kubwa zaidi. Hesabu yao ilikuwa rahisi: ukurasa unaotaja hoteli mara nyingi, basi huenda unahusu hoteli.

Wajanja hawakukawia. Waliandika neno lilelile mara mia kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe. Mashine inaliona, wewe huoni kitu. Wengine walijaza maneno kwenye lebo iliyofichwa nyuma ya ukurasa. Ni kama kibanda kilichoandika NYAMA kila mahali, ukiingia ndani hata mfupa hakuna.

Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Stanford walioanzisha Google 1998, waliongeza swali jingine: nani mwingine anakutaja? Kiungo kutoka tovuti nyingine kikawa kama ushahidi. Hata Kamakis hatuamini ukuta peke yake. Tunaangalia magari yaliyoegeshwa nje, tunauliza msee aliyekula hapo jana. Septemba 2009 Google ikasema wazi kwamba ile lebo ya maneno haiitumii kabisa kupanga matokeo.

Mwaka huohuo nyaya za SEACOM na TEAMS zilitia nanga Mombasa, na intaneti yetu ikapata kasi. Kahawa, Ruiru na Juja kulikuwa na wanafunzi wengi wenye laptopu na kodi ya kulipa. Ng'ambo kulikuwa na wenye tovuti waliotaka makala nyingi kwa bei ya chini. Tukakutana.

Mimi pia nimeila kazi hiyo. Agizo lilikuwa kama risiti: maneno 500, neno muhimu mara 8, moja kwenye kichwa, moja kwenye sentensi ya kwanza. Nimeandika kuhusu mashine za kuondoa theluji nikiwa kwenye keja Ruiru, na theluji sijawahi kuishika. Neno lilitoka kwa mteja, nami nikalizungushia sentensi mpaka hesabu ikatimia.

Google nayo ilikuwa inaziwinda makala za aina hiyo. Februari 2011 ilileta mabadiliko yaliyoitwa Panda, yaliyoshusha kurasa nyepesi. Aprili 2012 ikaleta Penguin, iliyowaandama waliorundika maneno na walionunua viungo. Kuanzia Hummingbird, 2013, mtambo ukazidi kujaribu kuelewa maana ya swali badala ya kulinganisha maneno tu. Kisha Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na makala ya maneno 500 ikawa kazi ya dakika moja. Kodi za wengi ziliyumba.

Lakini mashine haikuondoka na ujuzi wote. Neno muhimu halikuwahi kuwa mali ya mwenye duka. Ni la anayetafuta, na kulijua lazima umsikilize. Mtu mwenye njaa Ruiru huandika "nyama choma Kamakis". Haandiki "mkahawa wa nyama za kubanika", wala yale maneno ya Kiingereza kizito ambayo mikahawa yetu hupenda kuweka mtandaoni. Kiswahili nacho kina mambo yake. Choma, kuchoma, iliyochomwa, wachomaji: mtambo unaolinganisha herufi tu utaona maneno manne tofauti. Wewe unajua ni moto mmoja.

Kwa hiyo ukimtengenezea mama wa kibanda ukurasa, anza kwa kukaa pale saa moja usikilize wateja wanaagizaje. Chukua maneno yao, uyaweke kwenye kichwa pamoja na jina la mahali. Halafu ujibu wanachouliza kweli: kilo ni pesa ngapi, mnafunga saa ngapi, gari litaegeshwa wapi. Neno likishatajwa panapofaa, liache lipumue.

Makala zetu za theluji huenda bado zinaelea huko mtandaoni bila majina yetu. Tuliwasaidia watu wa mbali wapatikane kwa maneno yao, kwa miaka. Wakati huohuo, ni kurasa ngapi zilizoandikwa kuhusu Kamakis kwa maneno ya watu wa Kamakis? Hiyo kazi bado ipo, na hakuna mteja wa ng'ambo atakayeiagiza.