Motoka za Mweru: Pikapu Kuukuu na Mafundi wa Uani

Mbemba wa Nchelenge huliita gari motoka. Ukivuka Ziwa Mweru kwenda upande wa Kongo, Pweto au Kilwa, utasikia motuka. Wazee wa pwani yetu walisema motokaa, kabla neno gari halijalimeza. Ni neno moja la Kiingereza lililoingia kwa milango mbalimbali, na kila aliyelipokea akalikata kwa kadiri ya ulimi wake. Magari yenyewe yalifanyiwa vivyo hivyo. Yalikuja mazima, yakakatwa, yakaungwa, yakapandikizwa viungo vya wenzao waliokufa, na baadhi yao bado yanatembea.

Humu nitashughulika na aina moja tu, pikapu, na mwambao mmoja tu, ule wa Zambia unaoanzia mdomo wa Mto Luapula na kupita Nchelenge, Kashikishi na Kafutuma. Nairobi kuna watu wanaofufua magari ya zamani kwa starehe, na tangu 1970 wana shindano lao la kila mwaka la kuyaonyesha yakiwa yameng'arishwa mpaka chini ya boneti. Mweru hakuna zulia la kuliegeshea gari kuukuu. Huko pikapu ya zamani iliponea kwa sababu mbili zisizohusiana na mapenzi: samaki, na uhaba wa spea. Mapenzi yalikuja baadaye, kama yanavyokuja katika ndoa nyingi za kupangiwa. Na sasa uhaba umekwisha, pikapu hizo ziko hatarini kuliko wakati wowote.

Mwanzoni kulikuwa na miguu. Misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu, ambao Wabemba waliwaita Balungwana, yaani Waungwana, ilifika kwa mfalme Mwata Kazembe na mizigo kichwani. David Livingstone alipoufikia Mweru mwezi Novemba 1867, kisha akaingia kwa Kazembe, alimkuta huko Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekwisha kukaa miaka mingi hata akawa kama mwenyeji. Mbung'o waliua ng'ombe, kwa hiyo hata mkokoteni wa maksai uliotembea kusini mwa Afrika haukupata nafasi. Mwafrika wa nchi hizi aliruka kutoka kichwani moja kwa moja hadi baiskeli na injini.

Ruko hilo lilikuwa refu. Luteni Paul Graetz wa jeshi la Kijerumani aliondoka Dar es Salaam kwa gari la Gaggenau mwezi Agosti 1907, akapita Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na kufika Swakopmund mwezi Mei 1909. Karibu miaka 2 kuvuka bara! Mpagazi mwenye afya angemwacha nyuma. Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 vilipofika mpakani, mzigo wa Waingereza ulibebwa zaidi na wapagazi walioitwa tenga-tenga, maelfu kwa maelfu, wengi wao wakitoka nchi za Luapula na Bangweulu. Malori yalikuwapo, lakini machache, na mvua iliyafunga njiani.

Kilicholeta magurudumu ziwani ni tumbo la mchimba madini. Reli ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na migodi ya shaba ya Katanga ikaanza kutafuta chakula cha wafanyakazi. Wafanyabiashara wa Kigiriki walijikita Kasenga, ukingo wa Kongo wa Mto Luapula, wakanunua samaki kwa wavuvi wa pande zote mbili na kuwapeleka mjini kwa malori yenye barafu. Samaki aitwaye mpumbu, aliyepanda mto kwa makundi kwenda kutaga, alivuliwa kwa wingi hata ilipofika katikati ya karne alikuwa ameadimika. Pale, yaani perege wa huko, akachukua nafasi yake sokoni. Upande wa Waingereza migodi ya Kopabeti nayo ilikuwa na njaa, na kwa muda mrefu samaki mkavu alisafiri kwa baiskeli. Gari dogo lenye kichwa cha abiria na kitanda cha mizigo nyuma lilikuwa limekwisha kubuniwa: Ford waliuza Model T ya namna hiyo kutoka kiwandani tangu 1925. Mwenye baiskeli wa Luapula aliliona likimpita.

Gari lililobadili mambo lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kinagawiwa kwa kibali, na kampuni ya Rover ilitaka gari la shamba la kuuza nje haraka. Wakatengeneza Land Rover kwa kuiga Jeep ya jeshi la Marekani: chesisi ya chuma cha boksi, na bodi la aloi ya alumini kwa kuwa alumini ilipatikana bila foleni. Rangi ya kijani, husimuliwa, ilikuwa baki la ndege za kivita. Yaani sura ile ambayo Waafrika wa umri wangu huiona ni ya ukakamavu, kwa kweli ni sura ya dhiki ya Waingereza.

Dhiki hiyo ilitufaa. Alumini haioti kutu nyekundu, na mabamba yaliyonyooka yanakunjika kwa nyundo na ubao bila mashine. Maafisa wa wilaya, wamisionari na wafanyabiashara wa samaki waliipenda, kila mmoja kwa sababu yake. Lakini gari hilo lina kifo chake maalumu, na mwambao wa samaki unakijua vizuri. Chesisi ni boksi lenye uwazi ndani. Tope likiingia halitoki, na maji ya barafu iliyoyeyuka pamoja na chumvi ya samaki hupenya kwenye maungio. Chuma huliwa kutoka ndani huku nje kukionekana kuzuri. Pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini ndiyo inayotangulia kuoza na kugeuka unga mweupe kama sembe. Ndiyo maana mnunuzi anayejua haangalii rangi. Hulala chali chini ya gari na kugonga chesisi kwa spana, akisikiliza. Chuma kizima hulia; kilichooza hunong'ona.

Kisha siasa ikawafanya watu wote mafundi. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia ya Kusini, alijitangazia uhuru Salisbury. Zambia, yenye umri wa mwaka mmoja tu, ilikuwa ikipata mafuta na spea zake kwa reli ya kusini. Petroli ikagawiwa kwa vipimo, na malori yakaanza kupishana kwa hatari katika barabara ya vumbi ya kwenda Dar es Salaam, barabara iliyojipatia jina la njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968, reli ya TAZARA katikati ya miaka ya 1970. Mpaka wa kusini ulifungwa Januari 1973, na Rais Kenneth Kaunda hakuifungua njia ya reli ya huko tena hadi 1978. Katikati ya hayo bei ya shaba ilianguka mwaka 1975, fedha za kigeni zikakauka. Nchi ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha Fiat huko Livingstone, na Mansa, makao makuu ya Luapula, ilipata kiwanda chake cha betri. Msomaji asifurahi mapema: zilikuwa betri za tochi na redio.

Katika miaka hiyo ndipo uani mwa nyumba palipogeuka karakana. Gari likifa halikutupwa, liliegeshwa. Lilikuwa ghala. Difu ya hili, rejeta ya lile, mlango wa lile lililopinduka Kawambwa. Mwenye magari matatu mabovu alikuwa tajiri kuliko mwenye moja zima, maana lile zima lingekufa kesho bila ndugu wa kulichangia damu. Ringi za pistoni zilipokosekana, za zamani ziligeuzwa. Gasketi zilikatwa kwa makasi kutoka karatasi ngumu. Injini ya petroli ya Land Rover ya sentimita za ujazo 2,286, iliyotoka 1958, ilivumilia haya yote kwa sababu ni ya taratibu, ina nafasi ya kupitisha mkono, na betri ikifa inawashwa kwa hendeli.

Huku kwetu Afrika Mashariki pikapu iliyoshika mioyo ilikuwa ya Kifaransa. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na mara mbili kati ya hizo usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Pikapu ya 404 ilifungwa turubai na mabenchi Kenya ikawa matatu, biashara ambayo Jomo Kenyatta aliihalalisha 1973. Dar es Salaam nayo ilikuwa na chai maharage, pikapu zenye mabenchi mawili ya abiria wanaotazamana magoti kwa magoti. Anayeifufua 404 leo hukutana na difu ya ajabu, yenye gia ya parafujo inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, ambayo kiwanda kiliagiza ilainishwe kwa mafuta yenye asili ya mbarika. Fundi wa haraka humwaga oili yoyote ya gia, na shaba inatafunika. Gari limezikwa kwa ujinga wa chupa moja.

Ufufuaji wenyewe hauna siri kubwa, una subira. Mweru una kalenda inayoufaa: uvuvi hufungwa kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na pikapu ya samaki hukosa kazi. Bahati mbaya ni kwamba hiyo ndiyo miezi ya masika makubwa. Bila paa la turubai au bati, silinda zilizofunguliwa Jumamosi zina kutu Jumatatu. Mwenye akili hutanguliza chesisi. Bodi huvuliwa, jambo ambalo kwa Land Rover ni la boliti na wanaume wanne. Chuma hukwanguliwa kwa brashi ya waya, palipooza hukatwa mpaka penye uzima, na bamba jipya huchomelewa. Kisha oili chafu humiminwa ndani ya boksi izuie unyevu. Breki hufuata. Injini ni ya baadaye, ingawa vijana wote huanza nayo kwa sababu inatoa sauti. Rangi ni ya mwisho kabisa, na ukimwona mtu ameanza na puti na rangi ujue anauza.

Vita vya Kongo viligusa mwambao huu. Desemba 2000 mji wa Pweto ulianguka, wanajeshi na raia wakakimbilia Zambia, na magari ya kijeshi yakabaki yameteketea kando ya kivuko. Kambi ya Kala ilifunguliwa Kawambwa mwaka huo, na 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa Nchelenge kwa wimbi jingine la wakimbizi. Kiswahili, kilichowahi kufika huko na misafara ya Waungwana, kikarudi na watu wa Katanga. Nao wametoka nchi inayoendesha upande wa kulia, wakati Zambia huendesha kushoto. Kwa fundi hilo si jambo dogo: boksi la stelingi la ng'ambo moja halikai kwenye gari la ng'ambo ya pili bila kutengenezewa mahali papya pa kufungwa.

Kisha wakaja Wajapani. Toyota Hilux ilizaliwa 1968, lakini gharika ilikuja baada ya soko kufunguliwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yakishushwa bandari ya Dar es Salaam na kupita Tunduma na Nakonde. Daraja la Chembe lilipofunguliwa 2008 na kivuko cha Luapula kikastaafu, samaki wa Nchelenge wakawa wanalala njiani usiku mmoja tu, ndani ya Canter. Nani angeendelea kugonga chesisi kwa spana? Magari ya ghala, yale ya uani, yakapata mteja mpya, mwenye mizani ya chuma chakavu. Na bodi la alumini lililomwokoa Land Rover na kutu ndilo linalomtamanisha msubu wa sufuria.

Si kwamba hamu imekufa. Arusha, Oktoba 2024, Land Rover zilikusanyika kwa mamia katika tamasha lililolenga kuipiku rekodi ya Ujerumani ya msururu wa magari 632, na nyingi zilikuwa za watu binafsi waliozitunza nyumbani. Kusini zaidi kuna Jumba la Makumbusho la Moto Moto, Mbala, lenye zana za uhunzi na uvuvi wa kaskazini mwa Zambia. Jina lake, kwa taarifa ya mpenda magari, halihusiani na motokaa. Ni la utani la Askofu Joseph Dupont. Lakini kitanda cha pikapu kilichobeba pale na mpumbu ni zana ya uvuvi sawasawa na mtumbwi, na ningependa kukiona humo.

Kwa sasa naomba kidogo tu kwa mwenye Land Rover kuukuu uani, iwe Nchelenge, Sumbawanga au Thika. Kabla hujampigia simu mtu wa mizani, kwangua rangi kwenye mkono wa mbele wa chesisi, upande wa kulia, pale springi inaposhikwa. Kuna namba imegongwa. Kwa zile za miaka ya 1960 na 1970, tarakimu 3 za mwanzo hueleza aina ya gari, usukani wake ulikuwa upande gani, na kama lilitoka Uingereza zima au vipandevipande. Iandike, pamoja na majina ya waliowahi kulimiliki na mizigo waliyobeba.