Ivan Dixon: Kutoka Uigizaji Msaidizi hadi Uongozaji na Utayarishaji wa Filamu

Ni rahisi kumgawa Ivan Dixon (1931–2008) katika watu wawili: mwigizaji wa kichekesho cha televisheni na mwongozaji wa filamu ya kimapinduzi iliyotoweka. Mgawanyo huo unaficha suala la msingi. Kufikia miaka ya 1970, mlango wa uongozaji ulikuwa umeanza kufunguka kwa Wamarekani Weusi. Uliobaki umefungwa ni mlango wa usambazaji.

Dixon, mzaliwa wa Harlem, alihitimu masomo ya sanaa za maonyesho mwaka 1954 katika chuo ambacho leo kinaitwa North Carolina Central University. Mwaka 1959 aliigiza Broadway kama Joseph Asagai, mwanafunzi Mnigeria katika tamthilia ya Lorraine Hansberry, A Raisin in the Sun, na akairudia nafasi hiyo katika filamu ya 1961. Miaka mitatu baadaye alipata uhusika mkuu katika Nothing But a Man, akiwa Duff Anderson, mfanyakazi wa reli huko Alabama anayekataa kudhalilishwa. Kwa uigizaji wa kiwango hicho, ingetarajiwa afuatiwe na nafasi nyingine kuu. Haikuwa hivyo. Kilichofuata ni Hogan's Heroes (1965–1971), ambamo aliigiza sajenti Kinchloe, fundi wa redio katika kambi ya wafungwa wa vita nchini Ujerumani. Aliiacha kazi hiyo mwaka 1970, kabla ya msimu wa mwisho, akajikita katika uongozaji.

Mwaka 1972 aliongoza Trouble Man, filamu ambayo leo hukumbukwa zaidi kwa muziki wa Marvin Gaye. Hapo alikuwa mwajiriwa wa studio. Hali ilikuwa tofauti kabisa katika The Spook Who Sat by the Door (1973), aliyoitayarisha pamoja na Sam Greenlee, mwandishi wa riwaya yenye jina hilohilo. Mhusika wake, Dan Freeman, anaajiriwa na CIA ili kuonyesha tu kwamba shirika hilo lina ofisa Mweusi. Anajifunza mbinu zote za vita vya msituni, anajiuzulu, kisha anawafunza vijana wa mitaa ya Chicago. Sehemu kubwa ya fedha ilichangwa na Wamarekani Weusi wenyewe. Kwa kuwa jiji la Chicago halikuwa tayari kuipokea kazi kama hiyo, picha nyingi zilipigwa Gary, Indiana, kwa msaada wa meya Richard Hatcher. Fedha zilipopungua, United Artists ilitoa kiasi cha kukamilisha kazi, na kwa hatua hiyo hatima ya filamu ikawa mikononi mwa msambazaji.

Filamu iliondolewa katika majumba ya sinema muda mfupi baada ya kuzinduliwa. Greenlee alishikilia hadi mwisho kwamba FBI ilihusika. Hata hivyo, hoja ya umiliki haihitaji kutegemea dai hilo: mwenye kusambaza alikuwa na uwezo wa kuizima filamu bila kumshirikisha aliyeitengeneza. Nakala asilia ilinusurika kwa kuhifadhiwa ghalani chini ya jina jingine, hadi ilipotolewa kwa DVD mwaka 2004.

Dixon hakuongoza tena filamu ya namna hiyo kwa ajili ya majumba ya sinema. Aliongoza vipindi vingi vya televisheni, vikiwemo vya The Waltons, The Rockford Files na Magnum, P.I. Kuiita kazi hiyo kushindwa ni kuidharau, kwani wachache wa rika lake waliajiriwa kwa mfululizo wa aina hiyo. Lakini simulizi hazikuwa zake. Baadaye alimiliki kituo cha redio kisiwani Maui, Hawaii.

Nothing But a Man iliingizwa katika Rejesta ya Taifa ya Filamu ya Marekani mwaka 1993. The Spook Who Sat by the Door iliingizwa mwaka 2012, miaka minne baada ya Dixon kufariki.